Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Tyubu tano zimekwisha, ahadi yako bado

Mheshimiwa, shikamoo.

Najua una kazi nyingi. Barua mbili za mwanzo nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi na nakala zangu. Hii ya tatu naiweka hadharani ili na wengine wanisaidie kusubiri majibu.

Tulikutana Oktoba ya mwaka juzi, ulipokuja kijijini kwetu kwa ajili ya mwezi wa saratani ya matiti. Turubai lilifungwa pale kwenye mbuyu na soda zikagawiwa. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikaambiwa niandike muhtasari. Ukurasa wa pili unasema hivi: "Mgeni rasmi ameahidi vifaa vya kuchukua vipimo vya matiti kufika kituo chetu cha afya kabla ya mavuno ya zabibu ya Agosti." Mheshimiwa, zabibu za Agosti tulivuna. Za Machi tukavuna. Za Agosti nyingine nazo tumevuna. Labda Agosti uliyokusudia ni ya kalenda nyingine.

Siku ile wataalamu wako walitufundisha kujipapasa kutafuta uvimbe. Tunashukuru. Ila mimi wakati huo chuchu ya kushoto ilikuwa tayari inaniwasha. Usiku nikajipapasa kama tulivyofundishwa, sikukuta uvimbe wowote, nikalala usingizi mzuri kwa sababu yenu.

Nilidhani ni salfa tunayopigia zabibu. Bomba la mgongoni lina mkanda unaopita hapa kifuani, nikasema unanisugua. Nikaufunga kitambaa. Chuchu ikaendelea kubabuka magamba, ikatoa majimaji ya njano, asubuhi sindiria imegandia, nikiivuta inatoka na damu. Nikakata khanga kuukuu vipande nikawa naviweka ndani, nafua usiku, naanika chumbani ili watoto wasione.

Kituoni nikaambiwa ni pumu ya ngozi. Nikapewa tyubu ya kupaka. Ilipoa kweli, nikatoa sadaka ya shukrani, na baada ya wiki tatu ikarudi imezidi. Tyubu ya pili. Ya tatu wakasema ni fangasi. Tyubu tano, miezi kumi na minne, Mheshimiwa, na katika safari zote hizo hakuna aliyeniambia nivue nguo aone. Niliulizwa kupitia meza, nikajibu kupitia meza. Sasa sijui ni kwa sababu tabibu ni kijana wa kiume naye anaona haya, au ni foleni, au fomu yao ina kisanduku cha uvimbe tu na mimi sikuwa na uvimbe wa kuwekea tiki. Nadhani ni fomu. Lakini mimi ni mkulima, si mkaguzi.

Aliyenifungua macho ni binti mwanafunzi wa uuguzi, siku moja tu ya zamu yake. Alifunga pazia, akatazama, akauliza, "Mama, mbona ni moja tu?" Pumu ya ngozi, akasema, mara nyingi hushika pande zote mbili, tena huanzia kwenye duara jeusi. Hii yangu ilianzia kwenye chuchu yenyewe. Binti yule hana mshahara, lakini kichwa anacho.

Hospitali ya rufaa walinichoma ganzi, wakakata kinyama cha ukubwa wa punje ya mtama kikapimwe maabara. Kumbe ndiyo kazi yenyewe hiyo! Majibu yakasema ugonjwa wa Paget, saratani ya chuchu, na ndani ya titi kulikuwa na saratani nyingine iliyojificha, jambo ambalo kwa ugonjwa huu ni la kawaida. Daktari alinieleza kwamba katika kila saratani 100 za matiti, hii ni kati ya 1 na 4, na karibu nusu ya wenye nayo hawana uvimbe wa kushikika. Akaniambia pia kwamba James Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliandika mwaka 1874 juu ya wanawake 15 waliokuwa na kidonda cha namna hiyo, wote wakaja kupata saratani ndani ya titi, wengi kabla mwaka haujaisha. 1874, Mheshimiwa! Misafara ya pembe za ndovu bado inapita hapa Ugogo na watemi wetu wanadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Habari ile mpaka leo haijafika dirishani kwetu.

Titi limetolewa. Bomba sibebi tena, mkono wa kushoto unavimba, na nusu eka nimeikodisha kulipia nauli. Kwa hayo sikulaumu peke yako.

Nimeandika kwa sababu ya Jumatatu iliyopita. Wifi yangu, miaka 52, chuchu ya kulia, moja tu, inatoa magamba tangu wakati wa kupanda alizeti. Nilimwambia aende, aseme yote. Akarudi na tyubu. Boksi lilelile, mstari wa buluu uleule. Nilikaa chini pale uani nikashindwa hata kumwambia pole.

Zile tyubu zangu tano tupu nimeziweka kwenye bahasha pamoja na barua hii, uone zilivyokamuliwa mpaka shingoni.

Siombi mashine kubwa, wala sikuombi turubai. Naomba mtu mmoja kituoni afundishwe kwamba kidonda cha chuchu moja kisichopona hakipakwi, kinakatwa kinyama. Kifaa ni kidogo, na chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze, inaingia kiganjani. Kama hata hicho hakiwezekani, basi iwe karatasi ya rufaa siku hiyohiyo. Kinyama kikatwe, Mheshimiwa. Kinyama tu.

Wifi ameambiwa arudi baada ya wiki mbili na tyubu yake. Nitamsindikiza. Siku hiyo pawepo mtu wa kufunga pazia na kumwambia avue.

Ni mimi, katibu wa kikundi,
mkulima wa zabibu, Dodoma