Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliyeko Melbourne, Kuhusu Roy Cazaly

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Uliniuliza Roy Cazaly alikuwa nani hata jina lake bado linaimbwa viwanjani huko, na ukaongeza kwamba kocha wako anasita kukupanga kama mrukaji, yule anayeugombea mpira hewani, kwa sababu ya kimo chako. Nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa wapo vijana wetu wengine huko wanaojifunza kandanda ya Kiaustralia, mchezo aliokuwa akiucheza Cazaly.

Cazaly alizaliwa Albert Park, hapo Melbourne, tarehe 13 Januari 1893, na aliingia Ligi ya Victoria, ligi kuu ya mchezo huo wakati ule, mwaka 1911 akiwa na klabu ya St Kilda, wakati wachezaji wakongwe walipogoma kwa kugombana na uongozi wa klabu na nafasi zao zikahitaji kujazwa. Miaka miwili baadaye timu hiyo ilifika fainali ikafungwa na Fitzroy. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, na mwaka 1916 na 1917 St Kilda haikushiriki ligi kabisa. Hiyo ni miaka ambayo mchezaji wa umri wake angekuwa anaiva.

Aliiva alipohamia klabu ya South Melbourne mwaka 1921. Enzi hizo mwamuzi aliudundisha mpira ukapaa na warukaji wawili wakaugombea hewani. Cazaly alikuwa na futi 5 na inchi 11 tu, kimo ambacho hata wakati ule hakikuwa kikubwa kwa kazi hiyo, lakini alikuwa ametundika mpira katika banda la nyumbani kwao, akawa anaurukia saa nyingi. Aliamini pia kwamba kuvuta pumzi ndefu anaporuka kulimwinua zaidi. Mimi sioni jinsi hewa ya mapafuni inavyoweza kumnyanyua mtu, na ninadhani siri ilikuwa bandani. Hata hivyo, mtu aliyezoea kupanga pumzi yake haruki ovyo, na huenda faida ilikuwa hapo.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa makini ni kwamba hakuruka peke yake. Pembeni yake alikuwapo Fred Fleiter, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia wapinzani kwa mwili ili mwenzake apate njia, na chini alisubiri Mark Tandy, mfupi na mwepesi, aliyeudaka mpira uliopigwa kofi na Cazaly na kuondoka nao. Fleiter ndiye aliyekuwa akipaza sauti, "Juu huko, Cazaly!", na mashabiki wakaidaka kauli hiyo, hata askari wa Australia wakaipiga kama ukelele wa vita huko Afrika Kaskazini katika Vita vya Pili vya Dunia. Naona ni dhuluma kidogo kwamba ukelele huo umemfanya aliyeitwa kuwa mashuhuri, na aliyeita, ambaye ndiye aliyepigwa vikumbo, hatajwi sana.

Kombe la ligi hiyo hakulipata kamwe. South Melbourne ililitwaa mwaka 1918, kabla hajafika, na ikalitwaa tena mwaka 1933, alipokuwa ameshaondoka. Aliichezea St Kilda mechi 99 na South Melbourne mechi 99, mgawanyo ambao hata mhasibu asingeupanga vizuri zaidi. Baadaye alifundisha timu kadhaa, ikiwemo Hawthorn mwanzoni mwa miaka ya 1940, na akahamishia maisha yake Tasmania, ambako alifariki Hobart mwezi Oktoba 1963. Mwaka 1996, Jumba la Heshima la mchezo huo lilipoanzishwa, alikuwa miongoni mwa magwiji wa kwanza kuingizwa.

Kwa hiyo, kabla hujabishana na kocha kuhusu kimo, mwulize atakayekukingia wapinzani ni nani, na nani atakuwa chini kuupokea mpira. Nijibu alivyosema.

Mjomba wako