Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2024/2025: Vijana Sita na Bibi Mmoja

Ndugu wanachama, wazee wetu, na akina mama mlioacha shughuli zenu za Jumamosi kuja hapa, shikamooni na karibuni.

Kwa kawaida taarifa yangu huisha kabla chai haijapoa. Leo itapoa. Nina mambo ya kueleza, na moja ni kosa langu mwenyewe, kwa hiyo mtanivumilia.

Hali ya chama chetu cha kuwinda kwa mbwa hapa Idaho, Marekani, si mbaya. Tumefunga msimu tukiwa wanachama 23, wakiwemo wanne wapya kutoka Twin Falls. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba fedha zetu zimeliwa na vitu viwili, mafuta ya gari na daktari wa mbwa. Kilichobaki kinatosha vibali vya msimu ujao. Hakitoshi vibali na mbwa mwingine juu yake.

Wale wanne wapya waliniuliza kama kweli tunawinda simba. Hapana. Mnyama wetu Wamarekani humwita simba wa milimani, lakini simba wa kwetu akimwona atamcheka. Hana manyoya ya shingoni, hangurumi, na kwa ukoo yuko karibu na duma kuliko simba. Mimi nitamwita puma. Dume aliyekomaa hufika kilo 60 au 70, jike ni mdogo zaidi. Ana mbio za ghafla lakini pumzi yake fupi, na mbwa wakimshika mkia hatafuti umbali, anatafuta mti. Kazi ya mbwa ni kumfikisha mtini na kumweka hapo mpaka sisi tufike tukihema kwenye theluji ya magoti.

Mzee mmoja wetu hupenda kusimulia habari za Paul Rainey, tajiri wa Mississippi, ambaye mwaka 1911 alisafirisha mbwa wake wa kuwindia dubu mpaka Kenya ili wawafukuze simba. Namshukuru kwa kisa hicho, lakini kisitupotoshe. Simba wa nyikani hugeuka na kupigana, puma hupanda juu. Mbwa anayefundishwa kwa ajili ya huyu hafundishwi kwa ajili ya yule.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Tulianza msimu na mbwa saba. Mmoja ni Bibi, mbwa wa aina ya Bluetick wa miaka tisa, tuliyeuziwa na mzee jirani wa Idaho City. Sita waliobaki ni vijana ambao hakuna hata mmoja aliyefikisha mwaka na nusu: wawili wa aina ya Plott na wanne wa aina ya Treeing Walker, wa tumbo moja. Hao wanne ndio kosa langu. Mwaka jana nilisimama mahali hapa hapa nikasema bei ni ya kutupa, tuwachukue wote. Katibu alipinga. Imo kwenye kumbukumbu za mkutano, na amenikumbusha mara tatu.

Majina mliyapiga kura wenyewe, na kama ilivyo desturi ya kwetu mmoja akaitwa Simba. Mzee jirani alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini.

Mazoezi ya Septemba yalitupa kichwa. Tulikokota ngozi kavu ya puma vichakani, tukaitundika mtini, vijana wakaifuata bila kukosea. Siku ya tatu tukabadilisha mtu wa kukokota, akawa makamu mwenyekiti, na akapita njia ya mzunguko kurudi kwenye gari lake. Vijana hawakwenda kwenye ngozi. Walimfuata yeye mpaka mlangoni, wakalizingira gari, wakabweka kwa furaha yote. Tulicheka, tukapiga picha. Tungekuwa na akili tungeelewa kwamba kwa siku tatu walikuwa wamejifunza harufu ya viatu.

Theluji ya kwanza ya maana ilitukuta karibu na Lowman, mwezi wa Desemba. Tulikuta nyayo za alfajiri ile ile: duara safi, bila alama ya kucha, na kisigino chenye vifundo vitatu nyuma. Kisigino kilizidi sentimita tano kwa upana, tukasema dume. Bibi alifunguliwa na vijana watatu. Baada ya dakika ishirini nikatazama skrini ya GPS, inayoonyesha mikanda ya mbwa iko wapi: Bibi na mmoja wanapanda kaskazini, wawili wanashuka kusini kwa kasi ya ajabu.

Wanachama wapya, hili mlijue, maana hutokea zaidi kwa mbwa wasio na uzoefu. Harufu iko kwenye njia nzima, mbele na nyuma. Mbwa mzima hupima upande gani ni mpya zaidi kisha huamua. Kijana hufuata upande alioelekeza pua kwanza. Wawili wetu walikuwa wanafuata kule puma alikotoka, na puma alikuwa ametoka mezani. Tuliwakuta kwenye mzoga wa kulungu uliofunikwa majani ya misonobari, kama puma anavyoficha akiba yake, wamelala matumbo juu. Puma akikosea hupoteza mlo. Vijana wetu walikosea wakalipwa mlo. Kwa wiki tatu baada ya hapo kila nyayo waliyoonyeshwa waliirudia kinyume wakitafuta nyama.

Januari wakahamia kwa elki, wale kulungu wakubwa wa huku. Huu ni ugonjwa wa kuambukizana. Akianza mmoja, tena mwenye sauti, wenzake wa tumbo moja hawaulizi. Simba (huyu wa kwetu) aliongoza watatu bondeni mpaka kifaa kikapoteza ishara, na tuliwapata kesho yake saa nne asubuhi, nyayo zinatoka damu kwa ukoko wa barafu. Usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya baridi. Mbwa mwitu wa huku, wale ambao Wamarekani huwaita wolf, waliorudishwa Idaho ya kati mwaka 1995 na 1996, wote 35 kutoka Kanada, wamezaana na wanatetea maeneo yao. Kwao mbwa wa mtu ni mvamizi. Wawindaji kadhaa katika jimbo hili wamekuta mikanda ya shingoni tu. Kabla ya kufungua mbwa tunazunguka kwanza kutafuta nyayo za mbwa mwitu, na tukiziona tunarudi nyumbani. Yeyote aliyenikasirikia siku tuliyogeuza gari bila hata kushuka, jibu ndilo hilo.

Nimefika Februari.

Wote mnajua kilichompata Tarzan, mmoja wa wale Walker wanne, lakini si wote mliokuwepo, na maneno yamezidi. Tulikuwa juu ya South Fork ya mto Boise. Nyayo zilikuwa mpya, Bibi alikuwa anachechemea tangu juzi yake, na mzee jirani alishauri kijana mmoja tu, kwa kamba, mpaka tusikie sauti ya mtini, yaani Bibi anavyobweka puma akishapanda mti. Mimi ndiye niliyesema tufungue watatu. Nilitaka tumalize mapema, na niseme ukweli, nilitaka wanachama waliotoka Twin Falls waone kitu.

Puma hakupanda mti. Alikwenda kwenye genge, akasimama kwenye kishubaka cha jiwe, chini yake mita thelathini au zaidi. Bibi alifika ukingoni akasimama, akawa anabweka akirudi nyuma hatua na kusogea hatua. Anajua. Vijana walikuja nyuma yake wakisukumana kama watoto kwenye mlango wa shule. Barafu ilikuwa imejificha chini ya theluji laini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nilikaririshwa hiyo darasani kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikaijibu kwenye mtihani. Siku ile niliuona ukingo.

Tarzan hakuteseka. Familia iliyomlea tangu ana wiki nane imeshapewa pole na chama, na watoto wao wamechagua mahali alipozikwa. Hakuna aliyekuwa na kamba mkononi mwenye lawama. Amri ilikuwa yangu.

Baada ya hapo tulikaa wiki mbili bila kutoka. Machi tulirudi kwa njia ya mzee jirani: Bibi na kijana mmoja, wengine wote nyumbani. Tulimchagua Chausiku, Plott jike mdogo ambaye msimu mzima hakuna aliyemtaja kwa sababu hana kelele. Alitembea kwa kamba kilomita tatu nyuma ya Bibi. Bibi alikuwa anatoa ile sauti yake ndefu ya kuvuta, kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa. Kisha ikabadilika, ikawa fupi, ya kukatakata, bila kupumzika. Huo ni mti. Hapo ndipo tulipomfungua Chausiku. Alifika, akamtazama Bibi, akatazama juu, akaweka miguu ya mbele kwenye shina na kuanza kubweka. Alikaa hapo saa moja na dakika kumi. Vijana wengine wote walikuwa wakichoka mtini ndani ya dakika kumi na kwenda kunusa vichaka.

Tulitumia darubini kutafuta lile doa jeusi la dume, chini kidogo ya mkia. Hakuna doa, ni jike. Wanachama wawili wakarudi kukagua njia aliyopita kabla hatujamkuta, na karibu na magogo wakaona nyayo ndogo mbili pembeni ya kubwa. Puma huzaa mwezi wowote wa mwaka, na watoto hukaa na mama hata mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo Machi haimaanishi chochote. Jike mwenye watoto sheria ya Idaho inakataza kumuua, na hata isingekataza msingepata risasi yangu. Tulifunga mbwa kamba, tukaondoka kimya kimya. Kijana wetu mmoja alilalamika kwamba tumepoteza siku nzima. Mimi nasema ndiyo siku pekee ambayo chama hiki kilifanya kazi yake.

Hilo linanipeleka kwenye swali lililoulizwa baada ya kura ya Colorado, Novemba 2024. Wapiga kura kule walikataa pendekezo la kupiga marufuku uwindaji wa puma, lakini California puma wanalindwa kisheria tangu 1990, na Oregon walizuia kuwawinda kwa mbwa mwaka 1994, Washington 1996. Mlitaka kujua kama zamu yetu inakuja. Mimi si mtabiri. Nakumbusha tu kwamba hapa hapa Idaho, mwaka 1964, mtafiti wa wanyamapori Maurice Hornocker alianza kuwachunguza puma wa Big Creek akiwa na mwindaji Wilbur Wiles na mbwa wake. Waliwapandisha mtini, wakawatia alama, wakawaachia, wakawapandisha tena. Bila mbwa asingejua nani ni nani. Mwaka 1972 jimbo likamtoa puma kwenye kundi la wanyama wa kuuawa ovyo likamweka kwenye wanyama wa mawindo yenye kanuni. Mbwa anayejua kumweka puma mtini ndiye anayekupa nafasi ya kutazama vizuri na kuondoka. Mbwa asiyejua hakupi nafasi hiyo.

Dume mmoja tu ndiye aliyeuawa na wanachama msimu huu, mwezi wa Disemba, akapelekwa kukaguliwa kama inavyotakiwa. Nyama iligawanywa. Wenzetu Waislamu hawaigusi, na hilo halina mjadala. Wanaokula, ipikeni mpaka iive kabisa, na msikaushe tu. Mwaka 1995 watu waliugua Idaho hii hii kwa minyoo ya trikinela baada ya kula nyama kavu ya puma.

Kamati inaleta mapendekezo matatu ya kupigiwa kura leo. La kwanza, kijana mmoja tu kwa kila mbwa mzima, na hafunguliwi mpaka sauti ya mtini isikike, hata mwenyekiti akisema vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ameyaongeza katibu na mimi nimeyaunga mkono. La pili, Walker wawili kati ya watatu waliobaki, akiwemo Simba, wapewe wawindaji wa rakuni, yule mnyama mdogo wa usiku anayepanda miti. Si mbwa wabaya. Wana pua, wana sauti, wana mbio, ila sisi hatuna walimu wa kuwatosha, na wakibaki pamoja watafundishana elki. Najua mmewazoea.

La tatu ni gumu. Bibi amemaliza. Nyonga zake hazimwezi tena, na daktari amesema asipandishwe mlima msimu ujao. Tunapendekeza abaki nyumbani kwa mama wa mji wa Nampa anayemlisha sasa, chama kilipie chakula na dawa. Nafasi yake tusinunue mtoto hata akiuzwa kwa bei ya kuku. Mzee jirani ana jike la miaka mitano, yuko tayari kutukopesha kuanzia Novemba kwa sharti kwamba awepo yeye mwenyewe kila linapofunguliwa. Ana miaka 74. Atahitaji mtu wa kumbebea mzigo, na tayari nimejiandikisha.

Mikanda miwili ya GPS bado haijarudishwa tangu Machi. Walio nayo wanajijua, na wameketi safu ya nyuma.