Mchicha wa langoni

Unguja, 14 Februari

Hamadi ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Orodha ya wanyama wa bustani yako nimeipata: kobe wakubwa tisa, chatu wawili, tumbili wanne na vinyonga sita. Umeuliza uanze kurekebisha kipi kabla masika hayajaingia. Anza na yule mama anayewauzia wageni mafungu ya mchicha langoni wawalishe kobe. Usimfukuze, mbadilishie bidhaa.

Kobe wa Aldabra, yaani hao wakubwa wako wenye asili ya visiwa vya Shelisheli, ni mla nyasi. Kwao hula majani mafupi magumu, yenye nyuzi nyingi na sukari kidogo, na utumbo wake umeumbwa kuyachachusha polepole. Mchicha una oksaleti, nayo huikamata kalsiamu kabla mwili haujaipata. Fungu moja halimdhuru jitu la kilo 150. Shida ni Jumapili: kila mgeni na fungu lake, kobe anashiba mchicha mtupu, na Jumatatu nyasi hazigusi. Tikiti na ndizi ni mbaya zaidi, maana sukari inavuruga uchachushaji na vijidudu vya tumboni vinafumuka. Utaijua kwenye kinyesi. Kinyesi kizuri hushikana kama kigogo, ukikivunja kwa kijiti unaona nyuzi za majani waziwazi. Kikiwa uji kwa zaidi ya siku mbili, ondoa kila kitu isipokuwa nyasi na maji, na mwite daktari wa mifugo akitazame kwa hadubini.

Kwa hiyo mama auze ukoka uliokatwa asubuhi, vipande vya mpungate vilivyobabuliwa miiba, na matembele machache ya kupendezesha fungu. Mpangieni idadi, tuseme mafungu 20 kwa siku, yakiisha yameisha. Kisamvu kibichi asilete kabisa, kina sumu ya sianidi. Nyasi ziwe tisa katika kila sehemu kumi za chakula. Kwa kalsiamu huna haja ya kununua kopo la unga: okota ufukweni ile mifupa myeupe ya dome, iloweke siku mbili ukibadilisha maji ili chumvi itoke, ianike, kisha itupe uani. Wataing'ata wenyewe wakiihitaji, majike hasa.

Uzio nao utazame upya. Kobe husukuma kile anachoweza kuona ng'ambo yake, ndiyo maana seng'enge yako imelala. Ukuta wa matofali wa sentimita 70, usio na upenyo, unamtosha, na mgeni anaona vizuri juu yake. Kivuli kiwatoshe wote tisa kwa mara moja, kwa sababu saa sita za kaskazi hii madume makubwa huingia kwanza na kuwabana wengine nje, na kobe aliyekosa kivuli anaweza kufa kwa joto siku hiyohiyo. Kadiria mita mbili za mraba kwa kila mmoja, yaani banda la makuti la mita 18 za mraba. Dimbwi lisizidi kina cha sentimita 30, litelemke taratibu pande mbili: kila ukishuka sentimita 10, uende mbele 50. Saruji ichaneni kwa fagio kabla haijakauka, maana sakafu laini ikiota ukungu wa kijani kobe huteleza, akageuka chali majini. Wekeni na tundu la kutolea maji chini kabisa, kwa sababu wananya humohumo na maji yanatakiwa kubadilishwa kila siku.

Kobe aliyelala chali ni dharura. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, na akipinduka utumbo mzima unayalemea. Ongeza jua la mchana, hana saa nyingi. Msimvute mguu. Watu wawili au watatu wamshike ukingo wa gamba, wamgeuze polepole na kumshusha kwa mikono, wasimwachie akadondoka. Wengi hupinduka kwenye vurugu za madume. Ukiona gamba la jike limekwanguka sehemu ya nyuma, dume linampanda kupita kiasi, litengeni. Dume utalijua kwa mkia mrefu mnene na kifua cha gamba kilichobonyea.

Kumkagua hakuhitaji nguvu. Mkune shingoni, pale ngozi inapoingia ndani ya gamba, kisha kwenye mapaja ya nyuma. Baada ya dakika moja hivi atajiinua kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo mbele, ametulia tuli. Sasa unaweza kumwona chini: kupe kwenye makunjo ya kwapa, vidonda vya nyayo, uvimbe wa viungo, tundu la nyuma kama ni safi. Wageni wanaipenda kuliko kulisha, na haina gharama. Wanawe mikono kwa sabuni baadaye, maana kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kumharisha mtu, bila kuonyesha dalili. Watoto wenye kucha nyekundu wavae viatu vya kufunika vidole. Kobe huvutwa na rangi nyekundu na njano, na mdomo wake hauchagui kidole na ua.

Mkubwa apimwe kila miezi mitatu kwenye mizani ya magunia yenye ubao mpana, mdogo kila mwezi, na kila mmoja awe na ukurasa wake daftarini. Namba za rangi zipakwe katikati ya pande la gamba, zisivuke mishono, maana mshononi ndiko gamba linakokua. Na hicho kibao cha "miaka 190" kingoe. Umri haupatikani kwa kuhesabu miviringo ya gamba. Hata Jonathan, yule kobe mzee wa kisiwa cha Saint Helena, anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1832 kwa sababu tu alifika kisiwani 1882 akiwa mzima kamili. Andika yaliyo kweli, nayo yanavutia: kwamba hawa wa kisiwa cha Changuu walianzia kwa wanne waliotolewa na gavana wa Shelisheli mwaka 1919, na kwamba Desemba 2004 mmoja wa aina hii alitoka baharini kwa miguu yake huko Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, amegandwa na vigamba vya baharini kama jahazi lililokosa deheni.

Jike likitaga, yai usiligeuze. Weka alama ya penseli juu yake, lihamishe likiwa vilevile lilivyolala, lifukie kwenye sanduku la mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi, unyevu kidogo, joto la nyuzi 28 hadi 30. Kijusi hujishikiza juu, kwenye utando wa ndani ya ganda, ukilipindua yai kinaweza kufa. Vitoto vikitoka, vifunikwe kwa wavu pande zote. Kenge na panya unawajua, lakini usisahau kunguru, wala siafu, ambao huingia usiku na asubuhi unakuta magamba matupu.

Chatu. Kibanda chao cha kioo kinatazama magharibi, sivyo? Basi saa kumi alasiri ile ni tanuri. Watu husoma kwamba nyoka anapenda joto, wanaongeza taa, hali pwani kazi ni kumpoza. Awe na upande wa nyuzi 32 na upande wa 26, ajichagulie. Funga kipimajoto kila upande, pazia la makuti nje ya kioo, na beseni ambalo anaenea mwili mzima. Wa mita tatu na nusu anatosheka na sungura mmoja wa kilo mbili kila wiki tatu au nne. Apewe aliyekwisha kufa, sababu aliye hai humng'ata nyoka na kumwachia majeraha yanayooza. Watenganishe wakati wa kula. Wawili wakidaka sungura mmoja, mkubwa anaweza kuendelea mpaka ammeze na mwenzake.

Macho yakiingia ukungu wa samawati, anataka kujivua gamba: asilishwe, asiguswe, maji yaongezwe. Akishajivua, chukua lile gamba, linyooshe kichwani ulitazame kwenye mwanga. Utafute vioo viwili vidogo vya mviringo, kimoja kwa kila jicho. Kimoja kikikosekana, kimebaki jichoni. Usikibandue kwa ukucha. Mlaze usiku kucha ndani ya gunia lenye unyevu, na kikikataa ni kazi ya daktari. Kumvisha mgeni shingoni kwa ajili ya picha acheni kabisa. Ndani ya siku tano baada ya kula anaweza kutapika, na hakuna sababu ya kumweka nyoka wa kukaba pale koo la mtu lilipo. Mlinzi naye asimshike peke yake: mtu mmoja kwa kila mita moja na nusu.

Vinyonga kila mmoja kivyake. Kibakuli cha maji hawakioni kama maji. Wanataka matone juu ya majani, asubuhi na jioni, dakika tano. Macho yaliyozama ndani ni kiu.

Tumbili wasipewe ndizi za mchana kutwa, bali majani, maganda ya maharage na viazi vilivyofichwa sehemu mbalimbali wavitafute. Mwenye kikohozi asiwakaribie, awe mgeni au mfanyakazi. Kifua kikuu na surua hutoka kwetu kwenda kwao. Mlango wao mmoja ni kosa. Jengeni chumba kidogo chenye milango miwili, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa, na kufuli zitazame nje, maana vidole vyao vinajifunza komeo lolote.

Nitumie kipimo cha joto cha kile kibanda cha kioo, cha saa nne asubuhi na cha saa kumi alasiri, siku tatu mfululizo. Nikiona tarakimu ndipo nitakuambia kama pazia linatosha au ni kukihamisha.

Wako,
Salim