Mjomba ameniandikia insha ya chuo, na ndani yake sisi ni mafukara

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nikapata Divisheni Wani ya pointi 4. Nafasi ya kusoma uhandisi hapa nchini ninayo tayari, na haikunipa presha: ukishajua alama zako na sifa za kozi, unajua umesimama wapi. Shida yangu ni Marekani.

Mjomba anaishi huko miaka mingi. Ndiye aliyenilipia SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule, na ndiye aliyenifungulia akaunti ya Common App, mfumo ambao unajaza fomu moja na kuipeleka vyuo vingi. Humo inatakiwa insha isiyozidi maneno 650 ya kujieleza wewe ni nani. Mimi niliandika kuhusu mizani.

Baba ni karani wa chama cha msingi cha kahawa kijijini kwetu. Mizani yao ya kuning'iniza ilikuwa imechoka, springi imelegea, ikawa inasoma uzito kupita ulivyo. Niliijaribu kwa pakiti za sukari za kilo moja moja, nikachora grafu, nikampa baba. Ikabadilishwa. Wakulima walinuna, maana ile mbovu ilikuwa inawapendelea wao, na mpaka leo kuna bibi mmoja ananiitikia shikamoo kwa shingo upande. Niliandika hayo, na jinsi nilivyojiuliza kama ningenyamaza tu.

Mjomba akasema mizani haimlizi mtu. Akaandika insha yake. Kiingereza chake kimenyooka, siwezi kukataa. Lakini humo nimekulia kwenye kibanda cha nyasi, nimesoma kwa kibatari na kulala njaa. Shangazi, mama yangu ni mwalimu wa sekondari! Umeme tunao, na ndizi hazijawahi kukatika shambani. Nilipomsomea mama aliniuliza, "Hao watu walilala njaa lini, na mimi nilikuwa wapi?" Kisha akanikanya nisimwambie mjomba kwamba ameisikia, kwa kuwa ni kaka yake na ndiye anayelipa.

Si suala la aibu tu. Kabla ya kutuma unathibitisha kwamba kazi ni yako na maelezo ni ya kweli. Ikibainika vingine, hata nafasi uliyokwisha kupewa inaweza kufutwa. Tena naomba msaada wa ada, na huko wanataka mapato ya wazazi. Mshahara wa mama na kibanda cha nyasi vitakaaje kwenye faili moja? Walimu wangu nao wataandika barua zao, na sidhani kama kuna atakayetaja kibatari.

Halafu kuna hili la kupima uwezekano wangu. Mjomba anasema kwa matokeo haya Harvard watanigombania. Harvard huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100, na wengi wanaoachwa wana matokeo mazuri kama yangu au zaidi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii uwezo wa kulipa vinapomchagua mwombaji wa nje, na akipata nafasi humsaidia kulingana na hali ya kwao. Lakini ni kati ya vyuo vigumu kuliko vyote kuingia. Vilivyo rahisi kidogo, vingi huangalia pia kama familia ina fedha. Kwa hiyo mimi ni tajiri mno kwa insha ya mjomba, na maskini mno kwa vyuo hivyo. Mjomba ameorodhesha vitatu tu, vyote vya kundi lile gumu. Je, niongeze vingine, au napoteza muda? Na je, niahirishe chuo cha hapa? Nasikia ukishaanza masomo, vyuo vingi vya kule vinakuhesabu mwanafunzi wa kuhamia.

Kumkatalia mjomba aliyenigharamia si jambo dogo kwetu. Baba anasema nitume ya mizani kimyakimya, mjomba hatajua. Lakini nywila ya akaunti anayo mjomba, na kila nikiirudisha insha yangu, kesho yake naikuta ya kibanda. Mwisho wa kutuma kwa wanaowahi ni 1 Novemba. Nibadilishe nywila kwanza ndipo niongee naye, au niongee naye kwanza?

Binti wa Mwalimu,
Moshi