Mama, mvule wa Baba usikatwe

Sacramento, Marekani, Novemba 16

Mama mpendwa,

Mulembe. Nakusalimu sana, na kupitia kwako namsalimu shangazi yangu Senge, kaka yangu Wafula, wifi yangu Nekesa na watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea, zamu bado ni za usiku, mgongo unasumbua kidogo lakini si kitu.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ni ya Wafula, na kila sauti ninayokutumia yeye ndiye huisikia kwanza. Barua hii inaletwa na mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja Kanduyi, hapo kwetu Bungoma, kwa Krismasi. Nekesa, najua wewe ndiye utakayemsomea Mama, kwa vile macho yake hayawezi tena maandishi. Nakuomba usiruke mahali, hata pale ninapomsema mume wako.

Mama, nimesikia ule ujumbe wa Wafula. Anataka shilingi 18,000, za mtungi wa gesi wa kilo 13 na meko yake, na za kulipa deni la kuni. Akaongeza kwamba nisipotuma ataangusha mvule ulio karibu na kaburi la Baba, achome makaa, mengine upikie wewe, mengine ayauze sokoni Chwele. Nilikuwa nimetoka kazini, nimesimama kituoni nangoja basi. Basi likaja likaenda, mimi bado nimeshika simu sikioni.

Siku Baba alipozikwa mimi sikuwepo, na hilo nitalibeba. Niliangalia kwenye simu. Yule kijana aliyekuwa akirekodi, watu walipoanza kulia kaburini aliona haya, akainua simu juu, na kwa muda mrefu nilichokiona ni matawi ya mvule tu na sauti zenu chini yake. Sikuona jeneza likishuka. Mazishi ya Baba niliyoyaona mimi ni huo mti. Wafula anauhesabu kwa magunia.

Nimempigia, nikamwambia asiuguse hadi barua hii ifike. Ameitikia. Sasa wewe uwe shahidi.

Na kwa nini kuni zimekuwa deni? Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Januari ya mwaka jana nilituma shilingi 9,000 ili fundi akutengenezee jiko la jua. Alilitengeneza vizuri, picha zake ninazo mpaka leo: sanduku la plaiwudi ndani ya sanduku lingine, katikati yake majani makavu ya mgomba yameshindiliwa, kuta za ndani zimepakwa foili, chini bati jeusi, juu kioo, na kifuniko chenye foili kinachosimamishwa ili kirudishe jua ndani. Ulipika maharagwe, Mama. Ulinipigia ukicheka, ukasema umetoka kanisani ukakuta chakula kimeiva na hakuna mtu aliyechochea. Kicheko hicho nilikisikiliza wiki nzima.

Baadaye kimya. Nikiuliza, naambiwa mvua, mawingu, watoto wamelisogeza. Kumbe kioo kimekuwa dirisha la kinyozi cha Wafula! Hakuna aliyeniambia. Alituma mwenyewe picha ya duka lake apate pongezi, nami nikaiona ile kona iliyomeguka, ambayo fundi alikuwa ameiziba kwa gundi nyeupe. Wafula, najua utaisikia barua hii pia. Kama ulitaka kioo cha duka ungeniomba kioo cha duka. Mimi ni dada yako, sijawahi kukunyima. Lakini ulikichukua juu ya chakula cha Mama, ukamrudisha kwenye mafiga, na sasa unanitumia bili ya kuni.

Acheni niwaambie ninavyopika mimi huku, maana hili najivunia na sitaficha. Nyuma ya nyumba tunazopanga kuna kiwanja kidogo cha saruji. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa na kitu kama karatasi ngumu iliyobandikwa foili, unaikunjua inasimama kama kiti chenye mgongo na mikono. Kinaitwa CooKit. Katikati unaweka sufuria nyeusi yenye kifuniko, ndani ya mfuko wa plastiki angavu usioyeyuka kwa joto. Basi. Foili inakusanya mwanga na kuutupa kwenye sufuria, weusi wa sufuria unaugeuza kuwa joto, mfuko unalizuia joto lisitoroke. Hakuna kingine.

Julai jua la huku ni kali, nyuzi 40 si ajabu, na kiangazi chote mvua hainyeshi. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu asubuhi, naweka maharagwe na mahindi niliyoyaloweka, nageuza CooKit ielekee jua la saa sita, naenda kulala. Naamka saa nane. Hakuna mlio wa kuchemka, hakuna harufu mpaka ufungue, utadhani hakuna kinachoendelea. Ndani ya mfuko matone ya maji yametanda kama umande. Unaufungua polepole ukigeuza uso, kwa sababu mvuke unatoka na nguvu, halafu kifuniko, na hapo ndipo harufu inakuja yote kwa mara moja. Harage ukilibana kwa vidole viwili linasagika na ganda lake halijapasuka. Halijaungua hata moja! Mimi nilikuwa nimelala, jua linanipikia.

Tulipokuwa na mkutano wa Wakenya nilipeleka sufuria kubwa ya githeri. Watu wa Kakamega walikula, Wakisii wakala, wakaja Wakamba na wao ndio wajuzi wa isyo, githeri ya kwao. Mzee mmoja akauliza nimetumia jiko gani. Nikamwonyesha juu. Hakuamini, ikabidi nimwonyeshe picha. Siku hiyo nilitembea kichwa juu, Mama, mtoto wa Bungoma.

Usiku ule nililia lakini. Nilitamani moshi wa jikoni kwako, ile harufu iliyokuwa ikikaa kwenye leso yako hata kanisani. Nikaitamani, kisha nikaona aibu kuitamani. Moshi huo ndio uliomkohoza Kukhu, bibi yetu, miaka yote tulipokuwa wadogo, tukidhani wazee wote hukohoa vile, kwamba ni sauti ya uzee. Ndio uliokutia wekundu machoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, wengi wao kwa maradhi ya mapafu, ya moyo na kiharusi. Hakuna aliyeandika jina la Kukhu kwenye hesabu yoyote, yeye alikufa zamani, lakini mimi namhesabu.

Sasa sikieni jambo lililoniumiza na kunifurahisha pamoja. Shirika lililoeneza hizi CooKit, Solar Cookers International, lina makao yake mji huu huu wa Sacramento. Lilianzishwa mwaka 1987. Na mwaka 1995 lilipeleka majiko haya wapi? Kakuma, kwa wakimbizi, huko Turkana ambako jua ni jingi na kuni hakuna. Kisha mwaka 2003 wakaanza mradi Nyakach. Nyakach, Mama! Pale mbele ya Ahero! Ni matatu mbili kutoka Bungoma. Wanawake wa Nyakach walikuwa wakipika samaki na mchele kwa jua wakati mimi ninabeba mzigo wa kuni kutoka mtoni nikiwa na sare ya shule mgongoni imechanika. Nimevuka bahari kuja kufundishwa kitu kilichokuwa kwa jirani. Na hata hayo ya Kakuma hayakuwa ya kwanza: Mjerumani anayeitwa Wolfgang Scheffler alijenga kioo chake cha kwanza cha kupikia kwa jua mwaka 1986 kwenye misheni moja kaskazini mwa Kenya, na leo vioo vya namna yake vinapikia maelfu ya watu kwenye mahekalu ya India. Kilianzia kwetu.

Kwa hiyo Wafula asiseme hiki ni kitu cha wazungu, na wala asiseme jua letu ni dogo. Jua la huku mwezi huu limelegea, kivuli changu saa sita mchana kinanizidi urefu, na asubuhi ukungu mtupu. CooKit nimeikunja iko chini ya kitanda hadi Aprili. Nyinyi mko kilomita kama 60 tu kutoka ikweta. Bibi yule alinifundisha kipimo: simama uwanjani, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linatosha kupika. Kwenu ni kuanzia saa nne hivi hadi saa tisa, mwaka mzima. Ulinizaa kiangazi ukaniita Nasimiyu. Kiangazi kinakuja sasa hivi, Desemba mpaka Februari, na hakuna wakati bora wa kuanza upya.

Sitaki kudanganya mtu. Ugali usijaribu, ugali unataka moto na mkono. Chapati vivyo hivyo. Chai ya alfajiri jua halijaamka. Na mvua za kwetu nazijua, asubuhi kweupe, saa tisa radi inatoka mlima Elgon. Masika kuna siku nzima haitawezekana. Ndiyo maana gesi sikatai, nitainunua. Lakini mtungi unaopika ugali na chai tu, na mtungi unaochemsha maharagwe masaa matatu kila siku, si mtungi mmoja. Kinachomaliza kuni zako ni maharagwe, githeri, viazi vitamu, nyama ngumu na maji ya kunywa. Hivyo vyote ni vya jua.

Mpike hivi. Maharagwe yalale majini. Asubuhi saa tatu yaweke na maji kidogo kuliko mlivyozoea, kwa sababu hayakauki. Sanduku likae karibu na ghala, mbali na kivuli cha mikaratusi, juu ya kichanja ili mbuzi wasifikie. Ligeuzwe mara moja tu, saa sita. Na msifungue kuchungulia! Kila mkifungua joto linatoka na mnaanza tena. Viazi vitamu havitaki maji kabisa. Watoto wasikodolee macho foili, inaumiza. Na sufuria, Nekesa, ile iliyojaa masizi usiisugue kwa majivu upande wa nje. Miaka yote Mama alikuwa akitugombeza tuing'arishe, na sasa weusi ule ule ndio tunaoutaka.

Ndani ya mfuko mdogo anaoleta huyu mama kuna vijimrija viwili vyenye nta. Ni vya maji. Maji ya chemchemi si lazima yachemke ndipo yawe salama, yakifika nyuzi 65 na kukaa hapo kidogo, vijidudu vya kuhara vinakufa. Tumbukiza kijimrija ndani ya sufuria, nta ikiwa upande wa juu. Ukiikuta imeyeyuka na kushuka chini, maji yameshaiva. Yafunike yapoe. Mtoto wa mwisho wa Nekesa aliyelazwa Agosti, maji yake yawe haya.

Mambo ya pesa. Elfu 18 kwa mkono wa Wafula sitatuma, na asinune. Gesi na meko nitalipa dukani moja kwa moja, Senge aende achukue. Deni la kuni nitalilipa kwa mwenye kuni. Nekesa, kwenye namba yako nitaweka shilingi 4,000: za kioo kipya, za fundi, na sufuria nyepesi ya pili. Kioo cha kinyozi kibaki kinyozi, sitaki duka livunjwe. Usikate kioo kwa kukadiria. Chukua uzi, pima sanduku ndani pande zote mbili, funga mafundo, upeleke uzi wenyewe kwa muuzaji, na kizidi kidogo kila upande ili kilalie mbao. Majani ya mgomba yatakuwa yameoza, mtoe, muweke makavu.

Nitapiga Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, saa kumi na moja jioni ya kwenu, huku nitakuwa natoka zamu. Nekesa, mkalishe Mama chini ya mvule, uinue simu niuone wote, shina na matawi.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu