Mwanangu, usiache chuo kwa ajili yangu

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Dada yako ameniambia unataka kusimamisha masomo ya uchungaji hapo Makumira uje Moshi kuniuguza. Nimeguswa sana, baba, na nimekataa. Nisikilize kwanza.

Baridi yabisi unaijua kwa jina tu. Si baridi ya mlimani iliyoniingia mifupani, kama majirani wanavyosema. Daktari pale hospitali ya KCMC alinieleza kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inavishambulia viungo vyangu mwenyewe, ndiyo maana vinavimba mkono huu na huu. Asubuhi ndiyo saa mbaya. Vidole vimekakamaa, kifungo cha gauni hakipiti kwenye tundu lake, kikombe cha uji nakishika kwa viganja viwili. Ikifika saa nne vinalegea kidogo, ndipo naweza kumenya ndizi mbili tatu za mtori. Dawa nameza mara moja kwa wiki, na napimwa damu waangalie ini. Haiponyi, inauzuia ugonjwa usiharibu viungo zaidi. Nitaishi nao.

Mhubiri mmoja aliyekuja kuhubiri uwanjani aliniambia mbele za watu kwamba imani yangu ni haba, nitupe vidonge. Sikuvitupa. Usiku ule nilisoma 2 Timotheo 4:20, mstari ambao watu huupita mbio: “Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi.” Paulo huyohuyo ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha mwenzake wa safari akiwa mgonjwa, akaendelea na njia. Hakumkaripia, wala hakumtafutia dhambi. Hata Timotheo mwenyewe aliugua mara kwa mara, akashauriwa anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Siku utakapoitwa kwenye kitanda cha mgonjwa, mkumbuke Trofimo kabla hujafungua kinywa.

Lakini lililoniuma kuliko viungo ni kuhama Old Moshi. Unakumbuka nilivyokuwa mzee wa kanisa, nazunguka na mwinjilisti kupeleka chakula cha Bwana kwa wasioweza kutoka, tunakatiza migombani, masika tope limejaa viatuni. Nilijua huo ndio wito wangu mpaka nizikwe kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Sasa niko huku Pasua kwa dada yako, kihamba anakiangalia baba yako mdogo, na mimi ndiye ninayeletewa chakula cha Bwana sebuleni. Mara ya kwanza kikombe kilinishinda, mchungaji akakishika mpaka midomoni pangu. Nililia, sikufichi.

Baadaye nikawaza maneno aliyoambiwa Petro kando ya bahari: akiwa mzee atanyosha mikono, mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Ni maneno mazito, yanahusu kifo chake. Na neno analoongezewa palepale ni “Nifuate.” Bwana hakumwambia kazi yake itaishia pale atakapofungwa mikono. Huko asikotaka kwenda nako ni kumfuata.

Basi mimi namfuata nikiwa kwenye kiti. Jioni wanakuja kina mama wa jumuiya, mmoja mmoja, mara nyingi wenye maumivu ya muda mrefu: mgongo, sukari, mwingine ni moyo tu uliochoka. Wanajua sitawaambia wajikaze. Tunakaa, tunasoma Zaburi, hata ile ya 88 inayoishia gizani bila kufarijiwa, tunaomba. Mama mmoja alikaa saa nzima hakusema kitu, akanywa chai, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi na kusema kila kitu. Zamani sikuwa na nafasi ya kumsubiri mtu hivyo.

Kwa hiyo, baba, mimi nina kazi, na wewe una yako. Mungu hakukuita uje kunifunga vifungo vya gauni. Dada yako yupo, na Jumamosi vijana wa jumuiya wanakuja kufua na kuchota maji. Kanisa linahitaji wachungaji watakaoweza kukaa na mgonjwa asiyepona bila kumlaumu, na hilo umeliona nyumbani kwako.

Ile barua ya kusimamisha masomo ichane. Fanya mitihani. Desemba njoo kama kawaida, utanipandisha juu Old Moshi tule Krismasi na baba yako mdogo, usafiri nimeshaulizia.

Mama yako