Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Mathare. Wengi wetu wanaklabu hatujawahi kuiona bahari, lakini mwaka huu tumejifunza kwamba bahari hutujia yenyewe.

Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, hufuata sana hali ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya karibu na Sumatra yakapoa, pepo za kutoka mashariki hupata nguvu. Pepo hizo husukuma maji ya moto huku kwetu, na kule Sumatra maji baridi ya chini hupanda. Tofauti ya joto huongezeka, pepo nazo huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 1997 na 2019, tukapata mafuriko. Mambo yalipogeuka mwishoni mwa 2020, miaka ya La Niña (maji ya katikati ya Bahari ya Pasifiki yanapopoa kuliko kawaida), wenzetu wa kaskazini walikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Hapa mtaani kila mvua kubwa ni El Niño (hata githeri ikizidi maji tunaiita hivyo). Lakini wazazi wetu wanakumbuka 2015. El Niño yenyewe, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ilikuwa kali, watu wakajiandaa kwa gharika, na mvua ikaja bila kufikia ile ya 1997. Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu ileile.

Bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa hiyo hali yake ya Agosti huweza kutupa fununu ya Novemba. Masika ni kaidi. Mto Mathare ulipobeba nyumba Aprili 2024, El Niño ilikuwa tayari inafifia. Kwa masika, utabiri wa siku chache ndio wa kutegemea zaidi.

Mgeni wetu, tuna maombi mawili. Kipimamvua chetu ni chupa ya soda iliyokatwa, na imepasuka. Tunaomba cha kweli. Pili, tunaomba kila Septemba mtaalamu aje atufafanulie utabiri wa vuli kwa Kiswahili, na wazazi wanaoishi kando ya mto wawepo.

Asante.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Jiografia.